Serikali Imefungwa

Garsen nzima humwita Mama Spika, na mgeni akishuka stendi akasikia jina hilo anaweza kudhani ni mheshimiwa wa bunge. Jina lake ni Ilham, mzaliwa wa Kipini. Spika yenyewe ni ile ya mdomo mpana kama ua la boga, iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli juu ya tuktuk ya Nabil. Mtu akifa, Ilham hutangaza. Chanjo ya ng'ombe ikija, hutangaza. Maji ya bomba yakikatika, mbuzi akipotea, chifu akiitisha baraza, sauti inayozunguka kutoka msikiti wa Ijumaa mpaka darajani ni yake, kwa Kipokomo, kwa Kiorma na kwa Kiswahili.

Ana kanuni aliyojiwekea tangu ule mwaka wa mapigano ya Wapokomo na Waorma: lugha iliyotangulia leo, kesho ifuate. Watu wa Garsen husikiliza kwanza ni lugha gani imeanza, ndipo wasikilize kilichosemwa. Kipokomo alikipata kwa wakwe zake baada ya kuolewa na Komora. Kiorma alikipata kwa wanawake wa maziwa, hasa Kaltuma, mke wa Roba, aliyempelekea kibuyu kila asubuhi tangu Ilham alipokuwa bi harusi. Kiswahili hakukipata popote. Alizaliwa ndani yake. Alikijua pembe zake zote, akakichezea kama mtu anavyocheza na paka wake, akasahau kwamba wengi wanaomsikiliza walikichukua sokoni, kwa kazi, kama jembe.

Basi hadithi hii ni ya Malka Dima.

Malka ni njia ya ng'ombe ya kuteremkia mtoni. Kingo za Tana zimejaa mashamba, na kati ya shamba na shamba watu wa kale waliacha vipenyo ili mifugo ya Waorma itoke bara, inywe, irudi, isikanyage mahindi ya Wapokomo. Kipenyo gani kina upana gani, hayo ni maneno ya kuuana. Lakini Malka Dima, chini kidogo ya Garsen kwenye njia ya Ngao, haikuwa na ubishi, mpaka serikali ilipoifunga. Lilikuja tangazo, zikaja nyaya za seng'enge, zikaja picha za mabomba ya kumwagilia ambayo hayakuja. Malka ikakatwa viwanja vya kulima. Mheshimiwa wa wadi aligawa kwa mkono wake, akapigwa picha akigawa. Komora alipata kiwanja. Jirani yake akawa Dama, mjane wa Kigiriama aliyehamia kutoka upande wa Malindi na majembe mawili na mdomo mkali kuliko yote mawili. Ng'ombe wakazungushwa mbali, kwenye malka nyingine zilizokuwa tayari zimefurika mifugo. Wafugaji wakaenda mahakamani.

Siku hukumu iliposomwa mahindi yalikuwa yametoa ndevu, na mvua ilikuwa imewapita watu wa bara kama gari lililojaa.

Mahakama ilisema mambo matatu, na Ilham aliyasikia kwa masikio yake, amebanwa mlangoni kwa umati. La kwanza, kuifunga malka bila kuwauliza wanaoitumia ni kinyume cha katiba, na tangazo lile ni batili. La pili, malka irudi kuwa njia. La tatu, mazao yaliyo shambani yavunwe kwanza, ndipo nyaya zing'olewe. Hukumu ya vipande vitatu. Kabla watu hawajatoka uani kila mwanasiasa alikuwa amenyakua kipande chake na kukimbia nacho.

Mheshimiwa wa wadi ndiye aliyemfikia kwanza, kwenye hoteli ya mahamri, uso umemvimba kama aliyelala vibaya. Chama chake kilikuwa kimeshampigia simu asubuhi ile kumuuliza ni nani aliyemtuma kugawa njia ya ng'ombe.

"Mama Spika, tangaza serikali imekata rufaa. Kila mtu akae shambani mwake."

"Imekata?"

"Itakata."

"Basi nikisema imekata nitakuwa nimeitangulia serikali, mheshimiwa."

"Wewe tangaza tu. Serikali itakufikia njiani."

Hajamaliza chai, akatokea yule anayekitaka kiti hicho hicho, kijana wa kanzu safi na viatu vya mjini, amezungukwa na watu wanaocheka kabla hajasema.

"Dada, sema malka iko wazi. Basi. Watu wa bara hawana haja na hotuba."

"Na mahindi?"

"Mahindi hayapigi kura."

"Ng'ombe nao wana kitambulisho?" Ilham akamuuliza, na safari hii wapambe walicheka mahali pasipostahili.

Aliwakataa wote wawili. Akamwita Nabil, akapanda tuktuk, akatangaza hukumu nzima, vipande vyote vitatu, bila kutumwa na mtu. Siku ile ilikuwa zamu ya Kiorma kuanza. Akafuata Kipokomo. Akasema polepole, akarudia lile la mavuno katika kila lugha. Wazee walitikisa vichwa kukubali. Ilikuwa kazi nzuri, na laiti angeishia hapo.

Alipofika mbele ya banda la kuonyeshea mpira, vijana walimzuia njia.

"Mama Spika, tupe sko! Ni ngapi ngapi?"

Ilham alicheka. Alikuwa amechoka, ameridhika, na mbele yake palikuwa na watu waliotaka Kiswahili chake. Akaleta kipaza sauti mdomoni.

"Serikali imefungwa," akasema kwa sauti ya mtangazaji wa redio. "Moja bila. Tena uwanja wa nyumbani."

Banda zima lilipiga makofi. Mtu mmoja alikuwa ameinua simu.

Asubuhi yake Kaltuma hakuja na maziwa.

Kwingine maziwa yasipokuja watu hunywa chai ya rangi. Garsen maziwa yasipokuja, mtu mzima huuliza watoto wako wapi. Ilham alitoka nje akatazama njia ya bara, akaona miti ya mathenge na vumbi la jana lililotulia. Hakuna kibuyu hata kimoja kilichokuwa kinakuja. Akampigia Komora, aliyekuwa shambani tangu juzi akifukuza nyani. Simu haikupatikana.

Nabil alifika hata uso hajanawa.

"Dada, umejisikia?"

Akamchezea rekodi kwenye simu. Ilikuwa sauti yake, imekatwa safi kama mkate, bila Kiorma, bila Kipokomo, bila mavuno, bila hata ile moja bila. Maneno mawili tu. *Serikali imefungwa.* Na makofi.

"Imefika wapi?"

"Imepita Hola. Shemeji yangu ananiambia hata Bangale wanayo."

"Ni mzaha wa mpira, Nabil. Nani asiyejua mzaha wa mpira?"

"Dada," akasema Nabil, naye ni mtu wa makamo asiyependa kumsahihisha mtu, "kule bara kufungwa ni kutiwa ndani. Au ni duka kutiwa kufuli. Wanasema hakuna serikali. Wanasema polisi hawapo, ofisi zina kufuli, mahakama imewafunga wote. Wameanza kuteremsha ng'ombe tangu alfajiri."

Ilham akakaa kwenye jiwe la mlangoni.

"Na upande wa mtoni wanasemaje?"

Nabil akafungua ujumbe mwingine, wa kundi la wakulima. Mtu alikuwa ameandika alivyosikia: *Serikali imefunga. Mama Spika kasema. Malka imefungwa tena, tusitoke mashambani, anayekuja ni mwizi.*

Herufi moja. Imefungwa, imefunga. Kwenye Kiswahili cha sokoni, kile cha kuuliza bei na kutafuta mbuzi, *w* ile ya mtu aliyetendwa huanguka njiani kila siku na hakuna anayeiokota. Yeye mwenyewe aliwahi kuwacheka kwa hilo. Sasa watu wa bara walikuwa wanashuka kwa sababu amesema hakuna serikali, na watu wa mtoni walikuwa wananoa mapanga kwa sababu amesema serikali iko upande wao. Pande zote mbili zina ushahidi, na ushahidi ni sauti yake. Komora alikuwa katikati, kwenye kiwanja kinachokaa sawasawa mbele ya maji.

Alikwenda kwa chifu kwa miguu, karibu kukimbia. Pale njia panda mheshimiwa alikuwa juu ya gari, anapiga kelele kuhusu mahakimu wanaonunuliwa, na matairi yalikuwa yameanza kuwaka. Upande wa pili vijana wa mshindani walikuwa wanaimba. Polisi wote wa Garsen walionekana kuwa pale, migongo kwa mto.

"Chifu, nipe ruhusa nitangaze upya. Na unipe askari, hata wawili, waende Malka Dima."

Chifu hakumtazama. Alikuwa na simu mbili na zote zilikuwa zinalia.

"Kamati ya usalama imeketi. Hakuna kutangaza. Hakuna mtu kutangaza lolote."

"Kuna ng'ombe wanashuka."

"Naambiwa kuna maandamano yanataka kuingia ofisini kwa mkuu wangu. Niambie wewe, nilinde ofisi au nilinde mahindi?" Kisha akamtazama. "Kwanza wewe ndiye uliyesema serikali imefungwa. Shukuru hujafungwa wewe."

Alipotoka, askari alikuwa amesimama kwenye tuktuk anakata mpira wa baiskeli kwa kisu. Spika ikashuka. Nabil alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili kama mtu aliyeambiwa ausalimishe.

"Twende," Ilham akamwambia, na ulimi wake ukarudi Kipini bila yeye kujua. "Twende, ndia ni hiyo hiyo."

"Bila spika?"

"Spika ndiyo iliyotufikisha hapa."

Njia ya Malka Dima ina udongo mwekundu unaokata tuktuk kiuno. Walipofika karibu walisikia ng'ombe kabla ya kuwaona: mlio mzito, wa chini, wa wanyama walionusa maji na kuzuiwa. Nyaya zilikuwa zimekatwa, zimekunjwa kando kama mkeka. Nje ya mahindi palikuwa na ng'ombe weupe wengi, mbavu nje, na mbele yao wanaume wa Kiorma na fimbo, na mikuki kadhaa. Bunduki Ilham hakuziona, na kutoziona hakukumtuliza. Ndani, kwenye safu ya kwanza ya mahindi, walisimama wakulima na mapanga. Komora alikuwa wa tatu. Hakuwa na shati.

Kati yao palikuwa na nafasi ya mtu kulala, na ndipo Ilham alipoingia.

"Toka hapo, Mama Sadiq," Komora akasema, akimwita kwa jina la mwana wao.

Hakutoka. Kila upande ulikuwa unangojea lugha. Akianza kwa Kiorma, mumewe na jirani zake watajua ameuza. Akianza kwa Kipokomo, Roba, aliyesimama mbele ya ng'ombe wake na kikoi kimefungwa kiunoni, atajua ule wema wote wa kibuyu ulikuwa bure. Ikabaki Kiswahili. Si kile chake. Akachukua kile cha sokoni, neno moja mzigo mmoja.

"Serikali iko," akasema. "Polisi iko. Chifu iko. Hakuna mtu ametiwa ndani."

"Jana wewe nasema imefungwa," Roba akasema. "Mimi nasikia. Sauti yako."

"Nilisema. Ilikuwa mzaha. Kama mpira. Maana yake serikali imeshindwa kesi."

"Mzaha." Roba aligeuka akatazama mifugo nyuma yake, mmoja akiwa amepiga magoti. "Ng'ombe hii hajui mzaha, Mama Spika."

"Sasa imeshindwa au imefunga?" mkulima mmoja akadakia. "Maana sisi tumeambiwa imefunga."

"Imeshindwa. Malka si shamba. Malka ni njia ya ng'ombe. Mahakama imesema."

Mapanga yakanyanyuka kidogo, kama mtu aliyevuta pumzi. Komora alimtazama mkewe kana kwamba amemfungulia mlango mwizi.

"Kwa hiyo ni wewe uliyewaita."

"Sijamaliza," Ilham akasema. "Mahakama imesema mahindi kwanza. Mahindi yavunwe, halafu ng'ombe ipite. Yote mawili imesema. Sikuongeza, sikupunguza."

Akayarudia kwa Kiorma na kwa Kipokomo, haraka, asimpe mtu muda wa kujua ni ipi imetangulia. Hapo alidhani amemaliza kazi. Alikuwa amelifungua lile fundo, neno limekaa sawa, kila mtu amesikia kitu kilekile. Na hakuna aliyesogea.

Roba ndiye aliyesema, bila hasira.

"Mimi nasikia sasa. Mahindi navunwa lini?"

Mahindi yalikuwa mabichi.

"Malka ingine imejaa. Ya mbali, ng'ombe hii hafiki. Mahakama nasema ng'ombe ingoje. Ng'ombe hajui mahakama. Leo nakunywa ama leo nakufa."

Ng'ombe mmoja wa mbele akasukuma. Mtu akapiga mbinja. Fimbo zikainuka kumzuia, na kwa jicho la mkulima fimbo iliyoinuka ni fimbo iliyoinuka. Panga moja likakwenda juu. Roba akaruka mbele akampiga ng'ombe wake mwenyewe puani, kwa nguvu, mpaka damu ikatoka, na yule ng'ombe akarudi nyuma akitikisa kichwa. Panga likabaki hewani. Ilham alijikuta ameufumbata mkono wa mwenye panga, mtu asiyemjua hata jina.

Nyuma ya wakulima pakasikika *chwa*. Kisha *chwa* tena.

Dama alikuwa ameinama kwenye kiwanja chake, anakata. Si ng'ombe, si mtu. Anakata mahindi yake, bua kwa bua, na kuyalaza kando.

"Mayo, unafanya nini?" Komora akapaza sauti, akimwita mama kwa Kigiriama chake.

"Siwezi kusimama kutazama tu kama wewe," Dama akasema bila kuinuka. "Nilipewa hapa na mheshimiwa. Mheshimiwa yuko wapi leo? Namsikia yuko njia panda anachoma matairi. Haya, mimi ninafungua kipande changu, upana wa ng'ombe wawili, wapite wanywe. Yatakayobaki nitavuna, na mahakama yenyewe imesema nivune. Ng'ombe wakifa hapa mbele yangu, nitalala wapi na harufu?"

"Kiwanja chako hakifiki majini, mayo."

"Najua hakifiki. Chako ndicho kinachofika."

Komora akamtazama mkewe. Miezi yote ile alikuwa amelima kipande kile kwa mgongo wake, akalala ndani yake, akapigana na nyani na viboko juu yake. Ilham alijua idadi ya magunia aliyoyaota. Alikuwa na neno mdomoni, kwa lugha zote tatu.

"Unataka nikate?" Komora akauliza, polepole, kwa Kipokomo.

"Mimi leo sitaki kusema neno lingine," Ilham akajibu.

Komora akageuka. Panga lililokuwa begani likashuka kwenye bua la kwanza kwa hasira kiasi kwamba waliokuwa karibu walirudi nyuma. Akakata kama anayempiga mtu. Jirani akamfuata, kisha mwingine, wakinung'unika, wakitukana serikali, mahakama, mheshimiwa na wazazi wa mheshimiwa. Roba akawaambia vijana wake waweke fimbo mlalo, mkono kwa mkono, pande mbili, ziwe ua. Wawili katika ua ule walikuwa wakulima, kwa sababu vijana wa Roba hawakutosha. Ng'ombe wakaingizwa wachache wachache, wakipita juu ya mahindi ya Komora yaliyolala, wakiyang'ata njiani, na kila mmoja aliyetoa kichwa nje ya ua alipigwa na pande zote mbili. Hakuna aliyemshukuru mwenzake. Kazi ile ilikwenda mpaka jua likawa utosini, na muda wote huo jambo lolote lingeweza kutokea.

Wengi walikuwa wameshanywa Landrova ya polisi ilipofika. Afisa akashuka, akatazama nyaya zilizokatwa, mapanga, mikuki, ng'ombe majini.

"Nani hapa ni Ilham? Yule wa kusema serikali imefungwa."

Watu walimtazama kana kwamba ni mvua inayonyesha mbali.

"Nimeuliza kwa Kiswahili."

"Mimi Kiswahili hajui," Roba akasema.

"Hata mimi, afande," Dama akaongeza, akijifuta jasho kwa leso. "Kigiriama tu, na kidogo cha kuombea maji."

Mtu akacheka, akajizuia. Afisa hakucheka. Akamshika Roba kiwiko, akasema basi wataanza na huyu aliyekata nyaya za serikali, na wale vijana wa fimbo wakavunja ua na kusogea.

"Ni mimi, afande," Ilham akasema, akatoka mbele. "Mwache. Ni mimi niliyesema."

"Panda gari."

Akapanda nyuma, kwenye chuma chenye joto. Komora alikuwa mtoni kwa ng'ombe. Akaja taratibu, magoti yote matope, mikono imeganda utomvu wa mahindi. Akampa Dama panga. Akashika ukingo wa Landrova akajivuta juu, akaketi karibu na mkewe bila kumtazama.

"Wewe hukuitwa," afisa akasema.

"Nimeshapanda," akasema Komora.